Timu ya Kijiji: Historia na Kazi ya Kandanda ya Ridhaa Katika Unyakyusa

Historia ya mpira wa miguu nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa jina la Dar es Salaam. Mwanafunzi yeyote wa Katumba Songwe anaweza kukueleza, bila kufungua kitabu, kuwa Yanga ilianzishwa 1935, kuwa Simba ilifuata 1936, na kuwa Simba iliitwa Sunderland mpaka 1971. Mwulize sasa timu ya kijiji chake ilianza lini, nani alikuwa kapteni wake wa kwanza, na kiwanja chake kilitolewa na nani. Atanyamaza. Si kosa lake, maana habari hizo hakuna aliyemwandikia.

Nia ya makala hii, ndugu zangu wanafunzi wa zamani nanyi mlioko madarasani leo, ni kueleza timu ya ridhaa imetoka wapi katika nchi yetu ya Unyakyusa, imefanya kazi gani, na ni kitu gani kinachoifanya moja idumu na nyingine ife. Tutaanza na mambo yaliyokuwepo kabla ya mpira, tuone mpira wenyewe ulivyoingia, tuukumbuke mwaka mkubwa wa 1986, kisha tuyatazame ya kwetu.

Kwa wasomaji wa mbali, neno moja la jiografia. Katumba Songwe ni kata ya Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, katika tambarare iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Songwe ya jina hilo ni mto, ule unaotenganisha Tanzania na Malawi kabla ya kuingia ziwani. Si Mkoa wa Songwe ulioanzishwa 2016. Wala isichanganywe na Katumba ya Rungwe, kwenye mashamba ya chai. Sisi wa huku chini ni watu wa mpunga, kokoa, michikichi na migomba. Wilaya yetu ilikuwa sehemu ya Rungwe mpaka miaka ya 1970 ilipopewa makao yake yenyewe, kwa hiyo historia ya Tukuyu na historia ya Kyela haziwezi kutenganishwa.

KABLA YA MPIRA

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na desturi iliyowashangaza wageni wengi. Watoto wa kiume walipofika umri wa kama miaka 10 au 11 waliacha kulala kwa baba zao, wakajijengea vibanda vyao kando ya kijiji. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walichunga ng'ombe pamoja, wakalima pamoja, wakakua pamoja, mpaka vibanda vile vikawa kijiji kamili chenye wake na watoto. Hivyo kijiji cha Kinyakyusa hakikuwa kijiji cha ukoo mmoja. Kilikuwa kijiji cha watu wa rika moja.

Wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya uchunguzi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Kitabu alichokitoa Monica Wilson mwaka 1951 kilizitangaza habari za vijiji vya rika duniani kote. Neno alilolitilia mkazo ni neno ambalo bibi zetu walilisema kila siku: ukwangala, maana yake kukaa na wenzako kwa furaha na adabu, kula nao, kuzungumza nao, kusaidiana nao. Kwa wazee, ukwangala haukuwa starehe tu. Ulikuwa shule. Huko ndiko kijana alikofundishwa ukarimu, kuheshimiana na kutokula peke yake.

Desturi hiyo ilipungua kidogo kidogo. Ardhi ilianza kuwa haba, mazao ya kudumu kama kahawa na chai yakamfunga mtu na shamba la baba yake, na vijana wengi wakaondoka kwenda kutafuta kazi za mshahara. Lakini haja ya vijana kuwa na mahali pao pa kulelewa na wenzao haikupungua hata siku moja.

Jambo la pili lililokuwepo kabla ya mpira ni ngoma za mashindano. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliitawanya bara, pamoja na vyama vyake vikubwa viwili, Marini na Arinoti. Kando ya Ziwa Nyasa, kule Tanzania na kule Malawi, ngoma za jamaa moja na beni zinajulikana kwa majina ya mganda na malipenga. Vijana hupanga mistari kama askari, huwa na viongozi wenye vyeo, husafiri kwenda kushindana na kijiji kingine, na wenyeji huwalisha wageni wao.

Ukitazama vizuri utaona kuwa yote yanayohitajika kwa timu ya mpira yalikwisha kuwepo: kundi la rika moja, viongozi waliochaguliwa, safari ya ugenini, watazamaji, ushindani wenye adabu, na chakula baada ya mashindano. Kilichokosekana ni gozi lenyewe.

MPIRA ULIVYOINGIA

Gozi liliingia kwa milango mingi. Mlango wa kwanza ulikuwa shule. Katika Tanganyika na Zanzibar, shule za misheni na za serikali ndizo zilizofundisha mpira kwa kanuni, wenye refa na filimbi. Kwa upande wetu wa Nyanda za Juu Kusini, Shule ya Malangali, iliyofunguliwa 1928, iliwakusanya vijana wa makabila mbalimbali, na kijana aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni alirudi na mambo mawili: kitabu na mchezo.

Mlango wa pili ulikuwa kazi za mbali. Vijana wa Unyakyusa walikwenda kwa wingi machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakafika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Kambi za migodi ya shaba zilikuwa na viwanja na timu za wafanyakazi. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali yetu ilikomesha uandikishaji wa vibarua wa kwenda Afrika Kusini, na waliorudi nyumbani walikuwa wameuona mpira wa watu wazima, wenye jezi na wenye siku zake.

Mlango wa tatu ulikuwa redio na magazeti, yaliyoleta habari za mashindano makubwa. Kombe la Gossage lilianza 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikajiunga 1945 na Zanzibar 1949. Ligi ya taifa ilianza 1965. Tangu hapo kila kijiji kilijua kuna ngazi, na kwamba ngazi hiyo chini yake kabisa ni kiwanja cha nyasi nyumbani.

Watoto hawakungoja gozi la dukani. Walifunga majani makavu ya mgomba na matambara kwa kamba, wakacheza. Hata leo watoto wengi wa Kyela huanza hivyo, ila siku hizi ndani ya mpira huo utakuta pia mifuko ya nailoni.

Ratiba ya mpira wa huku imepangwa na mvua, wala si na chama. Kyela hupata mvua nyingi kupita wilaya nyingi za Tanzania. Mwezi wa Aprili mito hufurika na viwanja vingine hugeuka mabwawa. Mpunga huvunwa kuanzia Mei na Juni. Hivyo mashindano ya vijiji hushamiri wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ndani, watu wana nafasi na fedha kidogo iko mfukoni. Desturi hii inafanana na ya ngoma za zamani, ambazo nazo zilingoja watu watoke shambani.

MWAKA WA BANYAMBALA

Sasa tufike mwaka 1986, ambao kila mtu wa Rungwe na Kyela aliyekuwa na akili zake wakati ule anaukumbuka.

Ili kuelewa uzito wa mwaka huo, kumbuka kwamba kuanzia 1965 mpaka 1974 ubingwa wa taifa haukutoka Dar es Salaam hata mara moja. Sunderland waliuchukua, Cosmopolitans wakauchukua 1967, kisha ikawa zamu ya Yanga na Simba. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ikawa timu ya kwanza ya mkoani kuunyakua. Baada ya hapo ubingwa ukarudi Dar es Salaam kwa miaka kumi mfululizo, mikononi mwa Simba, Yanga na, mwaka 1982, Pan African.

Ndipo ikaja Tukuyu Stars. Timu hii haikutoka makao makuu ya mkoa. Ilitoka Tukuyu, mji mdogo wa milimani wenye ukungu na migomba, kilometa kama 70 kutoka Mbeya na zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar es Salaam. Washabiki waliipa jina la Banyambala, neno la Kinyakyusa lenye maana ya wanaume. Ilikuwa ndiyo kwanza imepanda kuingia ligi ya juu, na katika msimu huo huo ikautwaa ubingwa wa Tanzania Bara wa 1986.

Tuikumbuke na hali ya nchi ya wakati huo. Taifa lilikuwa bado halijapona gharama ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni, sukari, nguo na mafuta ya magari vilikuwa adimu. Kusafirisha timu kutoka kusini magharibi mpaka pwani, kuilisha na kuilaza, ilikuwa kazi nzito. Wala hakukuwa na televisheni Tanzania Bara. Watu waliufuata mpira kwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, wakilizunguka redio moja watu ishirini.

Mpira wote nchini ulihesabiwa kuwa wa ridhaa. Hakukuwa na mikataba minono ya siku hizi. Kwa hiyo ubingwa ule uliwafundisha vijana wa mikoani jambo moja kubwa: kwamba kipaji hakizaliwi Kariakoo peke yake. Miaka miwili baadaye, 1988, Coastal Union ya Tanga nayo ikautwaa ubingwa.

Katika wachezaji waliotoka Tukuyu Stars yumo Sekilojo Chambua, ambaye baadaye alihamia Yanga na kuichezea Taifa Stars. Jina lake linatuonyesha heshima na hasara kwa pamoja. Heshima, kwa sababu kijana wa timu ya mji mdogo aliitumikia nchi nzima. Hasara, kwa sababu timu ndogo hulea mchezaji, na akishakomaa huchukuliwa na timu kubwa, wala timu iliyomlea haibaki na chochote cha kulea wengine. Tukuyu Stars haikudumu katika ligi ya juu. Ubingwa wa 1986 umebaki wa pekee kwake, na leo vijana wengi wa Kyela wanaujua kwa masimulizi ya baba zao tu.

TIMU NI YA NANI?

Swali la kujiuliza si kwa nini Tukuyu Stars ilianguka, bali ni nani anayebaki na timu inapoanguka. Mkoa wetu wa Mbeya unatupa mifano mitatu, kila mmoja na somo lake.

Mfano wa kwanza ni Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza. Wachezaji wengi wa timu za majeshi ni askari wenye ajira. Timu ya namna hii inaweza kupata msimu mbaya, lakini haifi kwa sababu ya nauli, maana nyuma yake ipo taasisi.

Mfano wa pili ni Mbeya City, iliyoanzishwa 2011 na Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Ilipanda ligi kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza nafasi ya tatu mara ya kwanza tu, watu wakaujaza Uwanja wa Sokoine. Ilishuka 2023, ikarudi 2025. Iliposhuka haikupotea, kwa kuwa halmashauri ilikuwapo.

Mfano wa tatu unatuuma zaidi sisi watu wa mpunga. Ihefu ilitoka Mbarali, wilaya ya mpunga kama yetu. Ilipanda ligi kuu 2020. Tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kuikatisha safari ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Siku ile Mbarali ilijulikana nchi nzima. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamishiwa Singida na kubadilishwa jina, ikawa Singida Black Stars. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye mali ana haki ya kuipeleka mali yake atakako. Lakini mtoto wa Mbarali aliyechora nembo ya Ihefu kwenye daftari lake la shule alibaki na nembo tu.

Hapa ndipo ilipo thamani ya timu ya kijiji. Haina mshahara wa askari, haina bajeti ya halmashauri, haina tajiri. Lakini ikiwa kweli ni ya wanakijiji, hakuna anayeweza kuipakia kwenye lori na kuipeleka mkoa mwingine. Udhaifu wake ni umaskini; nguvu yake ni kwamba haiuziki. Kazi yetu ni kuutibu udhaifu huo bila kuipoteza nguvu hiyo.

KAZI YA TIMU KIJIJINI

Wako wazee wanaosema mpira ni uvivu, na kwamba kijana angekuwa shambani. Maneno yao si ya kudharauliwa, maana wapo kweli vijana waliouacha mpunga ukaliwa na ndege kwa sababu ya mazoezi. Hata hivyo, tuitazame timu kwa kazi inayoifanya.

Kwanza, timu ni kamati. Kijana ambaye hajawahi kushika fedha za watu hupewa kofia ya michango ya kununua jezi na gozi, na Jumapili inayofuata anatakiwa aseme kila shilingi imekwenda wapi mbele ya wenzake wasioogopa kuuliza. Mwingine huchaguliwa kapteni na kujifunza kumwambia rafiki yake, bila kumtukana, kuwa leo hatacheza. Uongozi wa namna hiyo hauandikwi ubaoni.

Pili, timu ni nguvu kazi. Msiba ukitokea, wanaochimba kaburi ni vijana. Daraja la magogo likichukuliwa na maji, wanaoitwa ni vijana. Mahali palipo na timu yenye kapteni, kuwaita vijana ishirini ni kumtuma mtoto mmoja. Mahali pasipo na timu, mwenyekiti wa kitongoji hugonga mlango mmoja mmoja.

Tatu, timu ni mkutano. Mashindano ya kugombea mbuzi au ng'ombe yanajulikana katika vijiji vingi vya Tanzania. Siku ya fainali huja watu ambao hawahudhurii mkutano wowote wa kijiji. Huko akina mama huuza maandazi, ndizi na samaki, mganga wa zahanati hupata nafasi ya kusema habari za malaria, na waliokosana hujikuta wamesimama upande mmoja wa goli. Na mbuzi mwenyewe huliwa na wengi, jambo ambalo wazee wa ukwangala wangelitambua mara moja.

Nne, timu ni ujirani. Ng'ambo ya Songwe wapo Wangonde wa Karonga, ambao lugha yao na yetu zinasikilizana. Mpaka ule ulitokana na mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya 1890, mto haukuulizwa. Nao mto una tabia ya kuhama njia yake unapofurika, hata Tanzania na Malawi zikaunda kamisheni ya pamoja ya kulisimamia bonde lake. Serikali zina kamisheni. Vijana wana mpira. Mchezaji wa Kyela na wa Karonga wakibishana juu ya penalti, wanabishana bila mkalimani.

Tano, lazima tuwataje wasichana. Zamani kiwanja kilikuwa cha wavulana, na dada zao walikuwa wa kushangilia. Mambo yamebadilika. Timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika mwaka 2010 huko Afrika Kusini, na ligi kuu ya wanawake ya Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17. Timu ya kijiji isiyo na nafasi ya wasichana inaacha nusu ya vipaji vyake jikoni.

DAFTARI, KIWANJA NA MRITHI

Ukizipima timu zilizodumu na zilizokufa, utaona mambo matatu yanayozitenga.

La kwanza ni daftari. Timu kubwa za dunia nazo zilizaliwa ndogo. Aston Villa ya Uingereza ilianzishwa 1874 na vijana wa kanisa moja mjini Birmingham. Manchester United ilianza 1878 kama timu ya wafanyakazi wa reli, ikiitwa Newton Heath. Arsenal ilianza 1886 kwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha. Vijana wetu wanazijua klabu hizi vizuri, maana Jumamosi jioni vibanda umiza hujaa pomoni. Lakini zilipokuwa changa hazikuzidi timu ya Katumba Songwe kwa mali. Zilichokuwa nacho ni wanachama walioandikwa, ada iliyolipwa na mikutano iliyowekwa kwenye kumbukumbu.

Kwetu, sheria ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa ya 1967 imeweka utaratibu wa kusajili vyama na klabu za michezo. Klabu huwa na katiba, viongozi wanaojulikana na orodha ya wanachama. Timu nyingi za vijijini hukwepa jambo hili kwa kuona ni mambo ya ofisini. Lakini klabu isiyosajiliwa hupata shida kufungua akaunti, kupokea msaada kwa jina lake, au kudai haki mchezaji wake anapochukuliwa. Ofisa michezo wa wilaya yuko kwa ajili ya kazi hiyo.

La pili ni kiwanja. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, yaani karibu eka moja na robo tatu. Katika nchi ya mpunga, eka moja na robo tatu tambarare si kitu kidogo. Mzee aliyeiachia ardhi hiyo kwa neno la mdomo akifariki, watoto wake wana haki ya kuuliza mipaka iko wapi, na wasipoonyeshwa maandishi, msimu unaofuata magoli yatang'olewa na majaruba yatachimbwa. Hapo timu imekufa, hata kama jezi zipo.

Dawa yake ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na halmashauri ya kijiji huiweka katika rejesta yake. Kiwanja cha mpira kinaweza kuingizwa humo sawa na makaburi, njia ya ng'ombe au mahali pa soko. Kinachotakiwa ni mtu wa kulisimamisha jambo hili kwenye mkutano, kulifuata mpaka liandikwe, na kumlipa au kumshukuru kwa haki mwenye ardhi wakati angali hai.

La tatu ni mrithi. Timu nyingi za vijiji ni timu za kizazi kimoja. Vijana kumi na watano wa rika moja huiunda, hucheza miaka saba au minane, kisha mmoja huoa, mmoja huenda Mbeya, mmoja huenda Dar es Salaam, na timu huzikwa kimya kimya. Wazee wetu walilijua tatizo hili. Katika vijiji vya rika walikuwa na sherehe maalum ambapo kizazi cha baba kilikabidhi madaraka kwa kizazi cha wana, hadharani, watu wote wakiona. Timu nayo inahitaji makabidhiano ya namna hiyo: kikosi cha watoto chini ya kile cha wakubwa, na siku inayojulikana ya kapteni wa zamani kumpa mpya daftari, gozi na deni, kama lipo.

Katika mambo haya matatu, hakuna hata moja linalotaka tajiri. Yanataka mtu anayejua kuandika, anayejua njia ya kwenda ofisini, na anayeheshimiwa nyumbani. Mtu huyo ni nani, kama si mwanafunzi wa zamani wa shule?

Ndugu zangu mlioko Mbeya, Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo, mnapokuja likizo mkatoa jezi mnafanya vema. Lakini jezi huchakaa kwa misimu miwili. Mwaka huu, pamoja na jezi, leteni daftari gumu la kurasa mia mbili. Kaeni na wazee waliocheza miaka ya 1960 na 1970, muwaulize timu ilianza lini, ilikuwa na nani, ilicheza na nani, na kiwanja kilitoka kwa nani. Waandikisheni majina kamili. Nanyi wanafunzi, msiwangoje kaka zenu. Mnao muda, mnayo kalamu, na wazee hao mnaishi nao nyumba moja. Habari hizo leo ziko vichwani mwa watu wachache, na kila mwaka tunawazika wawili watatu.

Daftari hilo likijaa, nakala moja ikae shuleni kwenye maktaba na nyingine kwa katibu wa timu. Kisha mkutano mkuu wa kijiji ujao, mmoja wenu anyoshe mkono, aombe kiwanja kiandikwe.